Poti zote ziko wazi? Tafuta kwanza aliyejibu

Ripoti ya nmap, programu ya kuchunguza poti (milango ya huduma) za mashine kupitia mtandao, inayosema poti zote 1,000 za seva ziko wazi ni ya uongo karibu kila mara, na bahati nzuri uongo wake unajitangaza wenyewe. Inayoponza watu ni ile yenye sura ya kawaida: poti tatu wazi, mbili zimefungwa, zilizobaki zimechujwa, kumbe nusu ya majibu hayo yametoka kwa faiawoli iliyo njiani. Nmap hutuma pakiti na kuandika kilichorudi. Aliyekirudisha ni nani, hiyo ni kazi yako.

Katika skani ya `-sS`, nmap hutuma SYN, yaani ombi la kuanzisha muunganisho wa TCP. Ikirudi SYN/ACK (ombi limekubaliwa) poti huandikwa `open`, ikirudi RST (limekataliwa) huandikwa `closed`. Kukiwa kimya, au kukirudi ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za hitilafu za mtandao) wa aina ya 3 wenye msimbo kama 13, yaani mawasiliano yamezuiwa, huandikwa `filtered`. Faiawoli inaweza kutoa lolote kati ya hayo. Kanuni ya iptables (faiawoli ya Linux) ya `REJECT --reject-with tcp-reset` hurudisha RST, hivyo poti iliyozuiwa huonekana imefungwa tu. Faiawoli inayokinga seva dhidi ya mafuriko ya SYN hujibu SYN/ACK kwa niaba ya seva kabla ya kuiuliza, na hapo ndipo kila poti huonekana wazi.

Mimi huanza na anwani tupu. Katika mtandao wako, au ule uliopewa ruhusa ya maandishi kuuskani, chagua anwani ya IP iliyo nyuma ya faiawoli ile ile na ambayo una hakika haijapewa mashine yoyote:

`nmap -Pn -n -sS --reason -p 21,25,80,443,2000,5060,8443 192.0.2.200`

Poti itakayoonekana wazi hapo imefunguliwa na kifaa cha kati, hakuna mwingine wa kujibu. Nimeweka 21, 2000 na 5060 makusudi: ni za FTP na za itifaki za simu, SCCP na SIP, ambazo faiawoli nyingi huzichungulia kwa ndani, na baadhi huzipokea zenyewe. 25 na 80 hudanganya palipo na proksi ya barua pepe au ya wavuti, yaani kifaa kinachopokea miunganisho kwa niaba ya seva. Ukitumia `-sT`, ambayo hufungua muunganisho kamili kupitia mfumo wa kompyuta yako, hata antivairasi ya kompyuta unayoskania inaweza kupokea muunganisho kabla haujatoka nje. Ukiona `host-unreach` usishtuke; ruta ya mwisho imeuliza kwa ARP (nani mwenye anwani hii?) ikakosa jibu, na ndivyo anwani tupu inavyotakiwa kuwa. Lakini anwani tupu ikitoka safi bado hujamaliza, kwa sababu faiawoli inaweza kuwa imepangwa kujibu kwa niaba ya seva fulani tu.

Hapo ndipo `--reason` inapolipa, maana huonyesha TTL ya kila jibu, namba ambayo kila ruta njiani huipunguza kwa moja. Linux huanzia 64, Windows 128, na vifaa vingi vya mtandao 255. Kama poti ya 22 imejibu kwa ttl 61 na ya 443 kwa ttl 253, waliojibu ni wawili. Usikimbilie kusema faiawoli inadanganya: poti iliyoelekezwa kwenye mashine nyingine kwa DNAT (kubadili anwani ya mpokeaji njiani), au kisawazisha mzigo (load balancer), hutoa tofauti hiyo hiyo kihalali. Na TTL zikilingana hakuna kilichothibitika.

Ubishi humalizwa na tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazoingia na kutoka, kwenye seva yenyewe:

`tcpdump -ni eth0 'tcp port 8443'`

Usichuje kwa anwani ya mashine unayoskania kama kuna NAT (kubadilisha anwani za pakiti) njiani, kwa kuwa seva itaiona anwani nyingine na wewe utadhani pakiti hazikufika. Skani tena huku ukitazama. Ikiwa SYN haifiki lakini nmap imepata jibu, aliyejibu ni kifaa cha kati. SYN ikifika na SYN/ACK ikatoka, ilhali nmap inasema `filtered`, tatizo liko njia ya kurudi: mara nyingi jibu limepita faiawoli nyingine ambayo haikuiona SYN, ikalitupa. SYN ikifika na seva ikanyamaza, angalia faiawoli ya seva yenyewe. Kwenye Linux, tcpdump huidaka pakiti inayoingia kabla ya nftables (faiawoli ya ndani ya Linux) kuigusa, kwa hiyo kuiona SYN si ushahidi kwamba imeruhusiwa. Seva ikitoa RST, endesha `ss -ltn` kuona poti zinazosikiliza na kwenye anwani ipi. Huenda huduma inasikiliza kwenye 127.0.0.1 pekee, yaani ndani ya seva tu.

Matokeo yanayobadilika kila ukiskani ni ugonjwa mwingine. Poti za mwanzo zikitoka wazi kisha zote zikawa `filtered`, ama kifaa cha kuzuia uvamizi kimekufungia, ama jedwali ambamo faiawoli hukumbuka miunganisho limejaa. Kwenye faiawoli ya Linux tafuta katika `dmesg` maneno `nf_conntrack: table full, dropping packet`, kisha linganisha `nf_conntrack_count` (miunganisho iliyopo) na `nf_conntrack_max` (kikomo). Jedwali lililojaa linaweza pia kuwa la ruta yako mwenyewe ikiwa unaskania nyuma ya NAT. Rudia kwa `--max-rate 50` (pakiti zisizozidi 50 kwa sekunde), na upime poti moja unayojua iko wazi kabla na baada ya skani. Ikiwa mwishoni haijibu tena, tupa ripoti nzima.

UDP, itifaki isiyoanzisha muunganisho kama TCP, inahitaji subira zaidi. Kimya huandikwa `open|filtered`, yaani nmap haijui. Poti iliyofungwa hujulikana kwa ujumbe wa ICMP, ambao Linux huubana hadi takriban mmoja kwa sekunde. Poti zote 65,536 zinaweza kuchukua zaidi ya saa 18. Skani chache unazozihitaji, `-sU -sV -p 53,123,161,500`, kwa kuwa `-sV` hutuma maswali yanayoeleweka na huduma husika. Seva ya DNS iliyojibu swali la DNS haina utata tena, ila hakikisha tu kwa tcpdump kwamba swali liliifikia seva hiyo, maana baadhi ya faiawoli huiteka poti ya 53 na kujibu zenyewe.