Uchumi wa kupangwa na serikali kuu ni nini, na kwa nini ulianguka Umoja wa Kisovieti

Ukiuliza kwa nini Umoja wa Kisovieti ulianguka utaambiwa Marekani iliuhujumu, au Gorbachev, kiongozi wake wa mwisho, aliuza nchi, au watu walikuwa wavivu kwa sababu mali ilikuwa ya wote. Mi naomba tuanze na bei ya mkate, maana humo ndo limelala jibu karibu lote.

Uchumi wa kupangwa maana yake nani atengeneze nini, kiasi gani, ampelekee nani na kwa bei gani, vyote vinaamuliwa ofisini, sio sokoni. Moscow ofisi kuu ya kazi hiyo iliitwa Gosplan, ilianzishwa 1921, na kuanzia 1928 nchi nzima ikawa inaenda kwa mipango ya miaka mitano mitano. Kulikuwa na ofisi nyingine ya kupanga bei na nyingine ya kugawa malighafi, yaani kiwanda cha viatu hakiendi kutafuta ngozi, kinaomba kigawiwe.

Sasa huo mkate. Bei yake ilikaa palepale miaka mingi, ikawa rahisi kuliko chakula cha mifugo, basi watu wakawa wananunua mikate dukani wanaenda kulishia nguruwe na ng'ombe. Hao watu hawakuwa wajinga jamani, walipiga hesabu sahihi kabisa kwa bei walizowekewa, bei ndo ilikuwa inadanganya. Bei ya sokoni inabeba habari: nyanya zikiadimika inapanda, mama wa genge anajua, mkulima anajua, mwenye lori anajua, na hakuna aliyeitisha kikao. Ukiifungia bei ule uhaba hauondoki, unageuka foleni. Waliokuwa watu wazima Tanzania miaka ya mwanzo ya 80 wanaikumbuka foleni ya sukari na sabuni, na ulanguzi uliokuja nayo, ingawa kwetu kulikuwa pia na gharama za vita ya Kagera na mafuta kupanda.

Na ukishawazoesha watu bei ya chini, kuibadilisha ni hatari. Juni 1962 serikali ilipandisha bei ya nyama na siagi, wafanyakazi wa kiwanda kimoja mji wa Novocherkassk, kusini mwa Urusi, wakagoma wakaandamana, wakapigwa risasi, zaidi ya watu 20 wakafa. Baada ya hapo bei ya nyama kwenye maduka ya serikali haikuguswa karibu miaka 30, hazina ikawa inafidia, na mzigo unakua kila mwaka.

Viwandani hali ilikuwa hivyohivyo. Lengo la mpango mara nyingi liliwekwa kwa tani, kwa hiyo kitu kizito ndo kizuri, mpaka Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, mwenyewe alilalamika kwamba taa za dari zinatengenezwa nzito mno kwa sababu kiwanda kinapimwa kwa uzito. Mkurugenzi akivuka lengo mwaka huu, mwakani anaongezewa, basi anaficha uwezo wake, anaomba chuma na mbao kuliko anavyohitaji na kurundika stoo maana hajui mgao ujao utafika lini. Kila ngazi inadanganya kidogo kwenda juu, alafu Gosplan inapanga nchi nzima kwa namba hizohizo. Na kiwanda kikipata hasara hakifungwi, serikali inakijazia. János Kornai, mchumi wa Hungaria aliyeishi ndani ya mfumo huo, aliita hali hiyo bajeti laini, na mi naona ndo dhana muhimu kuliko zote hapa, kwa sababu mkurugenzi anayejua atafidiwa tu hana sababu ya kumsikiliza mnunuzi.

Haki lazima isemwe: mfumo huu ulijenga viwanda vizito haraka sana, ukarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, 1957 na Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, 1961. Lengo likiwa moja na kubwa, ofisi moja inaweza kulisukuma. Ulishindwa kwenye soksi, vipuri, viazi, vitu laki na laki ambavyo kila kimoja kinataka uamuzi wake. Vibustani ambavyo familia zilijilimia zenyewe havikufika asilimia 5 ya ardhi ya kilimo lakini vilitoa karibu robo ya mazao!

Kilichouchelewesha mwisho ni mafuta ya Siberia, hela zake zilinunua ngano nje, pamoja na ngano ya Marekani. 1986 bei ya mafuta ikaporomoka. Wakati huohuo serikali imebana pombe, watu wakageukia kupika gongo nyumbani, sukari ikaisha madukani na mapato ya pombe yakapungua hazina. Sheria ya 1987 ikawapa viwanda uhuru zaidi wa kupanga mishahara huku bei nyingi zikibaki zimefungwa, mishahara ikapanda, hela mikononi tele, rafu tupu, kuponi za mgao wa chakula zikarudi. Desemba 1991 nchi yenyewe ikavunjika.

Januari 2, 1992 Urusi ikaachia bei nyingi. Bidhaa zikaanza kurudi madukani, ila mwaka huo bei zilipanda zaidi ya mara 20, na wazee waliokuwa wameweka akiba benki maisha yao yote, kwa sababu hakukuwa na cha kununua, wakakuta ile akiba haina thamani tena.