Ratiba ya usafi wa nyumba: wapi kila siku, wapi pangoje

Nyumba haichafuki kwa kasi moja. Juu ya kabati panaweza kukaa miezi bila kufutwa na asidhurike mtu, ilhali ubao uliokatiwa nyama mbichi haufai kungoja hata chakula kiive. Panga ratiba kwa kuangalia mambo matatu: unyevu, mabaki ya chakula, na mikono ya watu wengi.

Jikoni kuna yote matatu. Futa jiko, sinki na meza ya kuandalia kila baada ya kupika. Ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe papo hapo kwa sabuni na maji ya moto. Kinachosahaulika ni sponji: hubaki na maji na punje za chakula, bakteria huzaliana humo, kisha wanapakwa kwenye sahani inayodhaniwa safi. Ikamue, ianike ikauke, itupe baada ya wiki moja au mbili, na mapema zaidi ikinuka. Kitambaa cha vyombo kibadilishwe kila siku. Kagua friji kila wiki, kwani baridi hupunguza tu kasi ya vijidudu. Listeria, bakteria wanaosababisha ugonjwa kupitia chakula, huendelea kukua hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi.

Choo kisuguliwe walau mara moja kwa wiki, mara mbili au tatu familia ikiwa kubwa. Akiwepo anayeharisha au kutapika, ni kila siku, pamoja na kitasa, bomba na kishikio cha kuvutia maji. Anza na sabuni, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini. Kisha changanya vijiko 4 vya chai vya klorini ya maji ya asilimia 5 (kama mililita 20) katika lita 1 ya maji yasiyo ya moto, paka, na uache pawe majimaji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kama haukuandikwa, si chini ya dakika 1. Wengi hukosea hapa: wanapaka na kupangusa palepale. Mchanganyiko wa jana umwage. Usichanganye klorini kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi, wala amonia. Hutoa gesi yenye sumu.

Bafuni, ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48 pakibaki maji. Kukausha kuta na kufungua dirisha kila siku kunasaidia kuliko kusugua kwa nguvu mwisho wa mwezi.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki; maji ya nyuzi 60 huua utitiri wa vumbi, yaani wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye vumbi la nyumba. Penye mgonjwa wa pumu, tumia kitambaa kibichi, kwani ufagio mkavu hurusha vumbi hewani.

Swichi, vitasa na rimoti: kila wiki, au kila siku mtu akiwa na mafua. Madirisha na mapazia yanaweza kungoja miezi.

Siku yenye muda mfupi, anza na sinki na choo. Sebule iache, hata kama wageni wanakuja.