Nishani ya ushujaa ni ipi?

Nyumba nyingi za Iringa, Rungwe na Mbeya zina sanduku la mzee, na ndani yake kipande cha chuma kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Wajukuu husema, "Babu alipewa hii kwa ushujaa, vita vya Bama." Mara nyingi siyo hivyo, na ni vizuri familia ijue kabla hajapita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Ikiwa ni nyota ya ncha sita iliyoandikwa "Burma", yaani Bama, nchi ambayo leo ni Myanmar, hiyo ni nishani ya utumishi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilitolewa kwa kila aliyetumika kwenye uwanja ule wa vita. Wala si kitu cha kudharau. Vijana wa Keya, ndivyo watu walivyoliita jeshi la KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipelekwa kwa meli hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1944 wakaingia bonde la Kabaw huko Burma, kwenye mvua, matope na malaria, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Nyota inashuhudia kwamba mzee alikuwepo.

Nishani ya ushujaa inashuhudia tendo. Askari kafanya jambo mbele ya adui, wenzake wakaliona, kamanda akaandika pendekezo lenye maelezo ya tukio, likapanda ngazi kwa ngazi, na mwisho jina likatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette. Safari hiyo huweza kuwa ndefu. Sajenti Nigel Leakey wa kikosi cha 6 cha KAR aliuawa Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, akivamia vifaru vya Waitaliano. Nishani yake, Victoria Cross, iliyo ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ilitangazwa Novemba 1945.

Kwa askari wa kawaida, nishani iliyozoeleka zaidi ilikuwa Military Medal, iliyoanzishwa 1916. Maofisa walikuwa na yao, Military Cross, na ubaguzi huo wa vyeo ulidumu hadi 1993. Unauma, kwa sababu risasi haikuuliza cheo.

Military Medal ni ya fedha na ni duara. Upande mmoja ina kichwa cha mfalme, upande wa pili maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa ushujaa vitani". Msiisugue kwa mchanga ing'ae. Ishikeni kwenye mwanga muusome ukingo wake: hapo ndipo palipochorwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake.