Bondeni si kinga ya baridi

Kila Juni inapokaribia, iwe Njombe, Makete au Mufindi, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ushauri ni uleule: stroberi ipandwe bondeni, kwenye vinyungu (bustani za bondeni penye unyevu), kwa kuwa juu kilimani ndiko baridi inakochoma. Ushauri huo si sahihi, na unaweza kumgharimu mkulima mdogo msimu mzima.

Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kwenda angani. Hewa inayoigusa hupoa, na hewa baridi ni nzito kuliko ya joto. Huteremka taratibu kama maji, ikajaa bondeni. Ndiyo maana alfajiri utakuta nyasi za kinyunguni zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, huku shamba la mteremkoni, juu kidogo tu, likiwa kijani.

Stroberi huumia zaidi ikiwa imechanua. Ua lililofunguka hufa kwenye nyuzi -1 hivi za Selsiasi; lililofumba bado huvumilia zaidi. Na tafadhali usidanganywe na petali nyeupe. Tazama katikati ya ua: pakiwa peusi, tunda halitakuja, hata kama mmea wenyewe utaendelea kuishi.

Kwa hiyo panda katikati ya mteremko. Kama upande wa chini una uzio mnene wa miti, acha upenyo, maana uzio huizuia hewa baridi kama bwawa. Mwenye shamba la bondeni pekee afunike matuta kwa nyasi kavu jioni, udongo ukiwa bado na joto, kisha afunue asubuhi.