Kwa Nini Ruzuku Iliyo Sawa Haizai Shule Zilizo Sawa

Katika miaka ambayo nimepitia hesabu za shule za msingi za serikali hapa Tanzania, wazazi wameniuliza mara nyingi: ikiwa kila mtoto hutengewa kiasi kile kile, iweje shule ya mjini ipate walimu na ya kijijini ikose hata chaki?

Ruzuku ya uendeshaji ilitokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, nayo ilikadiriwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa takriban shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa kile kile cha shilingi 10,000, ingawa thamani yake haikufika tena dola 5. Na katika hizo, 4,000 zilizuiwa serikali kuu kwa ajili ya vitabu, shule ikatengewa 6,000. Kwa hesabu hiyo, shule ya watoto 200 hupata shilingi 100,000 kwa mwezi za kuchapia mitihani, kununulia chaki na kuziba paa linalovuja. Shule ya watoto 1,500 hupata 750,000, na ingawa madarasa yake yamefurika, gharama za ofisi yake hazizidi mara saba na nusu za ile ndogo.

Lakini ruzuku ni sehemu ndogo tu ya fedha za elimu. Sehemu kubwa ni mishahara, na mshahara humfuata mwalimu, haumfuati mtoto. Mwalimu anapohama kijiji kisicho na nyumba ya kuishi wala usafiri wa uhakika, na nafasi yake isijazwe, shule haipewi chochote cha kufidia mshahara ule, ambao kwa mwaka huzidi mara kadhaa ruzuku yote ya shule ya watoto 200. Hasara hiyo haionekani popote katika vitabu vya shule, kwa kuwa mishahara haipiti kwenye akaunti yake. Nilipata kukagua shule ambayo mwalimu mmoja alifundisha darasa la nne na la tano kwa kupokezana, na daftari lake la ruzuku halikuwa na kosa hata moja. Niliumia kuandika kwamba hesabu ni safi.

Ndiyo maana ninashauri kwamba ubao wa matangazo wa kila shule, unaobandikwa taarifa ya ruzuku, uonyeshe pia jumla ya mishahara ya walimu wake ikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, ili kamati ya shule iende halmashauri ikiwa na takwimu hiyo mkononi inapodai mwalimu.