Gwanda la Askari wa Posta: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Yule askari wa shaba aliyeinama na bunduki pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, singe yake ikielekea bandarini, tumempita maisha yetu yote. Ukikwama naye kwenye foleni, hukosi abiria wa kukusimulia habari zake. Nyingi si za kweli.

“Ni askari wetu wa vita vya Kagera.”

Hapana. Alisimamishwa mwaka 1927, na Waingereza, kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wazee wa mjini wanaomwita Bismini nao wanachanganya kidogo: hilo ni jina la Wissmann, gavana Mjerumani ambaye sanamu yake ilikuwa hapohapo kabla Waingereza hawajauteka mji mwaka 1916.

“Kaki ni rangi ya Wazungu.”

Neno lenyewe ni la Kiajemi na Kiurdu, maana yake rangi ya vumbi. Jeshi la Waingereza liliijulia India katika karne ya 19.

“Walivaa nadhifu vile mpaka mwisho.”

Hapa ndipo shaba inapotudanganya. Manowari za Waingereza zilipoifunga pwani, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck, ambalo wapiganaji wake wengi walikuwa Waafrika, likakosa hata kitambaa. Meli mbili tu za shehena zilipenya: Rubens mwaka 1915, iliyofika karibu na Tanga, na Marie mwaka 1916, kule Sudi, Lindi. Baada ya hapo ikawa kujishonea. Pamba ilisokotwa na kufumwa humuhumu nchini, nguo zikachemshwa na magome ya miti zipate rangi ya kaki. Viatu vilitengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe na ya wanyama wa porini. Ikichanika, kiraka. Kiraka nacho kikichanika, kingine juu yake.

“Jeshi la viraka ni jeshi lililoshindwa.”

Novemba 1917 jeshi hilohilo lilivuka Ruvuma, likaiteka kambi ya Wareno pale Ngomano, na askari wakatoka humo na bunduki mpya na sare za Kireno mwilini. Kwa mbali usingejua nani ni nani. Waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Ulaya vita vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma.

(Sisemi walikuwa watakatifu. Vijiji walivyopitia vilibaki na njaa.)

“Wenye sare ndio waliobeba vita.”

Waliovibeba kweli, mabegani na vichwani, ni wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa karibu milioni moja, na zaidi ya 90,000 hawakurudi. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Vazi lao lilikuwa blanketi, ambalo ndilo koti mchana wa mvua na ndilo kitanda usiku, na miguu peku iliyoliwa na funza. Maandishi ya chini ya sanamu yanawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyechongwa juu ni mwenye gwanda. Jina lao limebaki kwenye mtaa wa Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

“Gwanda kuukuu ni takataka.”

Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani ilipoamua kuwalipa malimbikizo askari wake wa zamani, wazee walifika Mwanza kwa mamia. Wenye vyeti walihesabika kwa vidole. Wengine walifungua vifurushi, wakatoa vipande vya sare walivyovitunza tangu vita, kitambaa kimechujuka, kimebaki nyuzi. Wasiokuwa na chochote wakapewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki, na mikono ikakumbuka.

Malipo yale yalikuwa ya askari. Mpagazi angefungua kifurushi atoe nini, blanketi?