Uvimbe wa taya usiosubiri: limfoma ya Burkitt kwa watoto na utafiti wa kuitambua mapema

Mtoto wa miaka sita anaamka shavu la upande mmoja limevimba. Homa hana, au anayo kidogo tu, na chakula anatafunia upande wa pili. Mama anampeleka kituo cha afya, jino linaonekana linacheza, linang'olewa, na wanarudi nyumbani na dawa ya kuua vijidudu. Wiki mbili baadaye uvimbe umekua maradufu, meno ya jirani nayo yanacheza, na jicho la upande ule limeanza kusukumwa nje. Sisi tunaotibu saratani za watoto tumeisikia habari hii mara nyingi mno, hasa kwa familia zinazotoka kandokando ya Ziwa Victoria na maeneo mengine ya joto yenye malaria nyingi, na karibu kila mara mzazi anayeisimulia alifanya kila alichoelekezwa kufanya. Kilichokosekana ni mtu mmoja, mahali fulani njiani, wa kushuku kwamba uvimbe ule haukuwa jipu la jino.

Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga, zile ambazo wataalamu huziita chembe B, na miongoni mwa saratani zote zinazompata binadamu hakuna inayozidi hii kwa kasi ya kukua: idadi ya chembe zake inaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Kasi hiyo ndiyo inayoufanya uwe wa hatari, na kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya utibike vizuri, kwa sababu dawa za saratani hushambulia zaidi chembe zinazogawanyika haraka. Mtoto aliyefika mapema anaweza kupona kabisa. Aliyechelewa mwezi mmoja anafika akiwa mgonjwa wa namna nyingine.

Elimu ya dunia kuhusu ugonjwa huu ilianzia kwetu, Afrika Mashariki. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake amtazame mtoto wa kiume aliyekuwa na uvimbe pande zote za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, aliona mtoto mwingine, wa kike, mwenye uso uliovimba vivyo hivyo, na alipompima tumbo akakuta uvimbe humo pia. Hapo ndipo alipopata wazo lililobadilisha mambo: uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo, uliokuwa ukiandikwa kwenye mafaili kwa majina tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, safari ya wiki kumi na karibu maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewahi kupokea watoto wa namna hiyo. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na kwamba unapungua sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa ramani inayolingana na ile ya malaria.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti aitwaye Anthony Epstein aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Vilisafirishwa kwa ndege, kimoja baada ya kingine, na mnamo 1964 Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba ndani ya chembe zilizokuzwa kutoka kwenye uvimbe huo wameona kirusi kipya. Leo tunakiita kirusi cha Epstein-Barr, na ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kwamba kinahusika na saratani ya binadamu. Nasisitiza historia hii kwa sababu wazazi wengi huamini kwamba utafiti wa saratani ni jambo la nchi za mbali lisilowahusu. Vipande vile vilitolewa kwa watoto wa Uganda, na kila mtoto duniani anayetibiwa ugonjwa huu leo anafaidika na walichokitoa.

Kirusi chenyewe si cha kuogopwa peke yake. Huenezwa kwa mate, na watoto wa maeneo yetu karibu wote hukipata wakiwa wadogo bila dalili yoyote ya maana. Kisha hutulia ndani ya chembe B maisha yote. Malaria inayomrudia mtoto tena na tena huzichochea chembe hizo zigawanyike kwa wingi, na wakati huohuo hudhoofisha ulinzi unaokizuia kirusi. Katika mgawanyiko huo wa haraka hutokea kosa: kipande cha kromosomu namba 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe), chenye jini, yaani sehemu ya vinasaba, iitwayo MYC inayoamuru chembe kukua, hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ile ya namba 14, mahali ambapo amri ya kukua haizimwi tena. Kosa hilo hutokea ndani ya chembe moja ya mtoto mmoja. Halirithiwi, haliambukizwi, na halikuletwa na jambo lolote alilofanya mzazi. Mtoto mwenye limfoma anaweza kula sahani moja na ndugu zake na kulala nao kitanda kimoja.

Je, kuzuia malaria kunazuia saratani hii? Swali hilo lilijaribiwa Tanzania, kaskazini mwa Mkoa wa Mara, ambako kati ya 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili kupunguza malaria. Wagonjwa wa limfoma walipungua katika kipindi hicho, lakini upungufu ulikuwa umeanza hata kabla dawa haijagawiwa, kwa hiyo jaribio halikutoa jibu la kukata shauri. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo unaielekezea malaria kidole, na chandarua kinabaki kuwa kinga ya maana kwa sababu zake chenyewe.

Nirudi kwenye utambuzi, maana hapo ndipo tunapopoteza watoto. Taya ni sehemu inayojulikana zaidi, na huwapata hasa watoto wa miaka mitatu hadi minane. Lakini watoto wengi huja na tumbo lililojaa, ambalo nyumbani hudhaniwa kuwa bandama au minyoo. Wengine huanza na jicho, na wachache huja miguu imekufa ganzi kwa sababu uvimbe umebana uti wa mgongo. Meno yanayocheza bila kuoza, uvimbe unaokua kwa siku na si kwa miezi, tumbo linalozidi kujaa huku mtoto akikonda: dalili yoyote kati ya hizi inatosha kumwandikia mtoto rufaa ya haraka siku hiyohiyo. Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya nina ombi moja mahususi. Msimpe mtoto mwenye uvimbe usiojulikana prednisoloni au deksamethasoni, yaani dawa za jamii ya steroidi, kabla hajachukuliwa sampuli, isipokuwa maisha yake yako hatarini saa hiyo. Dawa hizo hupunguza uvimbe kwa siku chache, kila mtu hufurahi, na mtaalamu wa patholojia akija kutazama sampuli hukuta chembe zilizokufa ambazo hawezi kuzitambua. Baada ya hapo uvimbe hurudi.

Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, au kwa kufyonza chembe zake kwa sindano nyembamba. Chini ya hadubini chembe za ugonjwa huu hujipanga kwa msongamano mweusi uliotobolewa na madoa meupe, na tangu zamani wataalamu hulifananisha umbo hilo na anga la usiku lenye nyota. Baadaye hufanyika vipimo vya ziada vya kutofautisha limfoma hii na nyingine zinazofanana nayo, pamoja na kipimo cha VVU, picha ya ultrasaundi ya tumbo, uboho, na maji ya uti wa mgongo ili kujua kama ugonjwa umefika kwenye ubongo. Wazazi huogopa vipimo viwili hasa. Cha kwanza ni kinyama, kwa sababu ya maneno kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Limfoma ya Burkitt inasambaa yenyewe kwa kupitia damu, kisu kiwepo kisiwepo, na bila kinyama hakuna daktari mwangalifu atakayethubutu kuanza dawa. Cha pili ni kutolewa maji ya mgongoni, kinachodaiwa kumlemaza mtoto. Sindano ile huchomwa chini ya mahali ambapo uti wenyewe umeishia, na kupitia njia hiyohiyo ndipo tunapoweka dawa ya kuulinda ubongo.

Tatizo letu kubwa ni muda. Sampuli lazima iwekwe kwenye fomalini (ikiwekwa kwenye maji ya dripu huharibika), isafirishwe, igandishwe kwenye nta, ikatwe, ipakwe rangi, kisha isubiri zamu yake mbele ya mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni wachache katika nchi zetu zote. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa kwa ugonjwa unaokua maradufu kwa siku mbili. Ndiyo maana utafiti ninaoufuatilia kwa matumaini makubwa kuliko wowote ni wa kipimo cha damu. Chembe za saratani zinapokufa humwaga vipande vya vinasaba vyake kwenye damu, pamoja na vinasaba vya kirusi cha Epstein-Barr, na mashine za kisasa zinaweza kuvisoma vipande hivyo na kuona kosa la jini ya MYC bila kugusa uvimbe. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Uganda, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakikipima kipimo hicho kwa watoto na vijana wa hapahapa kwetu, sambamba na kinyama cha kawaida, ili kujua kama kinaweza kutegemewa. Kifaa kikivumbuliwa Ulaya kisipojaribiwa kwa watoto wenye malaria na wenye kirusi hicho tangu utotoni, hatuwezi kujua kama kitasema kweli huku kwetu.

Matibabu ni dawa, yaani tibakemia. Upasuaji hauondoi ugonjwa huu, na mionzi haihitajiki kwa watoto walio wengi. Katika miaka ya 1960 Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na upungufu huo ndio uliomsukuma Burkitt kujaribu dawa. Aliona uvimbe ukiyeyuka baada ya dozi chache. Mwaka 1967 kilianzishwa hapo kituo cha kutibu limfoma, kilichokuwa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, na wataalamu wa kigeni walipoondoka katika miaka ya 1970 Charles Olweny, Mganda, aliendeleza kazi katika mazingira magumu sana. Dawa za msingi hadi leo ni saiklofosfamaidi, methotreksati na vinkristini, hii ya mwisho ikitokana na mmea wa maua ya pinki wenye asili ya Madagaska ambao wengi wanaupanda bustanini kama pambo.

Siku za kwanza za dawa zinahitaji uangalizi wa pekee, na wazazi wanastahili kuelezwa sababu. Uvimbe mkubwa ukifa kwa ghafla humwaga kwenye damu potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwa wingi kuliko figo zinavyoweza kuhimili. Mtoto anaweza kufariki kwa sababu hiyo wakati uvimbe wenyewe unapungua, na kijijini husemwa kwamba dawa ndiyo iliyomuua. Ndiyo maana tunatanguliza dripu nyingi na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, tunaanza na dozi ndogo, na tunamwomba mama apime na kuandika mkojo wote wa mtoto, mchana na usiku. Kazi hiyo ya mama ni sehemu ya tiba kama ilivyo dawa.

Katika nchi tajiri watoto zaidi ya tisa kati ya kumi hupona. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba watoto wenye limfoma iliyoenea, walioongezewa rituksimabu, dawa inayolenga chembe B, juu ya dawa za kawaida, asilimia 93.9 walikuwa hawajapata tatizo lolote la ugonjwa kurudi wala kifo baada ya miaka mitatu, wakati wasioongezewa walikuwa asilimia 82.3. Katika sehemu kubwa ya Afrika, dawa za nguvu ya wastani huponya takriban nusu. Kuongeza nguvu tu hakutoshi, kwa maana methotreksati ya dozi kubwa bila maabara ya kupima kiwango chake kwenye damu, na bila damu na dawa za kuzuia maambukizi, huua. Shirika la Afya Duniani liliiweka limfoma ya Burkitt miongoni mwa saratani sita za kipaumbele katika mpango wake wa mwaka 2018, unaolenga kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona.

Kuna sababu nyingine ya vifo ambayo dawa mpya haitaiondoa, nayo ni kuacha tiba katikati. Uvimbe huweza kutoweka machoni baada ya dozi mbili tu. Mtoto anacheza, nauli imekwisha, shamba linasubiri, na nyumbani wapo watoto wengine. Mzazi anayeondoka wakati huo hakosi upendo. Lakini chembe zilizobaki hazionekani kwa macho, na ugonjwa unaporudi mara nyingi huwa umezoea dawa. Mzazi mwenye shida ya nauli au malazi aiseme kwa muuguzi au ofisa ustawi wa jamii mapema, kabla hajafungasha mizigo, kwa kuwa hospitali nyingi zinazotibu saratani za watoto zina wafadhili au nyumba za kulala familia. Ugonjwa huu ukirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyemaliza dozi zake zote, akahudhuria kliniki, na akatimiza miaka miwili bila uvimbe wowote, tunamwandikia kwenye faili kwamba amepona.